Mwanangu aliahidi kuchezea chuo cha jimbo letu, sasa anaitwa kusini

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia kutoka Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ambako mimi na mume wangu, sote wenyeji wa Fizi, mashariki mwa Kongo, tulihamishiwa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma tukiwa na mtoto mdogo mkononi na mwingine mgongoni. Yule wa mkononi sasa ni kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ana mwili mkubwa kuliko wa baba yake, na anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye ncha mbili. Nafasi yake ni katika mstari wa mbele, miongoni mwa wale wanaomkinga mrushaji mpira asiangushwe. Mpaka leo sizielewi vizuri sheria za mchezo huo. Ninachojua ni kumtafuta kwa macho kila mara rundo la watu linapotawanyika, nione kama ameinuka.

Mwezi wa Aprili, makocha wa Chuo Kikuu cha Iowa, ambacho kiko karibu nusu saa kwa gari kutoka kwetu, walimpa nafasi yenye ufadhili kamili wa masomo, naye akawajibu kwa mdomo kwamba atakuja. Habari ilienea mji mzima. Kiwandani msimamizi wangu, ambaye hakuwa amewahi kuniuliza lolote kuhusu familia yangu, alinikumbatia. Kanisani tuliombewa. Kisha mwezi wa Juni chuo kimoja kikubwa cha majimbo ya kusini kilimwalika kwa siku mbili, kikamlipia kila kitu, na tangu arudi huko amekuwa mtu mwingine. Ameniambia mimi peke yangu kwamba moyo wake uko kusini.

Mume wangu alipopata fununu alikasirika mno. Anasema jimbo hili lilitupokea tukiwa hatuna kitu, likatupa kazi, nyumba na shule, na kwamba kuliacha siku lilipohitaji kitu kutoka kwetu ni utovu wa shukrani. Kocha wa shule naye amemwambia kijana kwamba akivunja ahadi, chuo hakitawatazama tena wavulana wa shule hiyo. Shemeji yangu aliyeko Texas anapiga simu kila Jumapili akisema tufuate penye fedha nyingi. Mtoto mwenyewe amepunguza kula, na siku ya kutia saini ni mapema Desemba.

Naomba unieleze, Shangazi: je, mwanangu ana deni kwa Iowa? Ahadi ya mdomo inamfunga? Na mama asiyejua hata mchezo wenyewe amsaidieje?

Mama wa watoto wanne, Cedar Rapids

*

Mama mpendwa,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitaanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo linalomkosesha mtoto hamu ya chakula. Hapana, mwanao hana deni la namna hiyo kwa jimbo la Iowa. Lipo deni jingine, dogo zaidi lakini la kweli, analodaiwa na mtu mmoja au wawili aliowapa neno lake, na hilo nitalifikia. Haya mawili yamechanganywa nyumbani kwenu, na ninaamini mkiyatenganisha mtaweza kuzungumza bila hasira.

Kwanza tumtendee haki mume wako, kwa maana hisia anayoieleza haikuzuka hewani. Iowa ni jimbo la watu wapatao milioni 3.2, na halina hata timu moja ya ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, wala ya mpira wa kikapu ya NBA. Mapenzi ambayo watu wa Chicago au Dallas huyagawa kwa timu zao za kulipwa, huko kwenu yote huenda kwa vyuo: Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Iowa City, Cyclones wa Iowa State kule Ames, na kwa kiasi fulani Northern Iowa cha Cedar Falls, ndicho kilichomlea Kurt Warner, nyota wa ligi ya kulipwa na kijana wa Cedar Rapids yenu. Vyuo hivi ni vya umma, vimejengwa kwa kodi ya wakulima na wafanyakazi wa jimbo, na Iowa ndilo lililokuwa jimbo la kwanza kuikubali sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi ya serikali kwa ajili ya kuanzisha vyuo kama kile cha Ames. Hawkeyes na Cyclones ni watani wa jadi ambao waliacha kabisa kukutana baada ya 1934, wakarudiana mwaka 1977, na wiki ya mechi yao hata ofisi hugawanyika. Kwa hiyo msimamizi wako alipokukumbatia hakuwa akiigiza. Kwa mara ya kwanza alikuona kuwa mmoja wao, na hilo ni jambo kubwa kwa familia iliyotoka Nyarugusu. Mumeo anaogopa kulipoteza.

Hata hivyo, angalieni Iowa yenyewe inavyoishi. Kila mwaka makocha wa vyuo vyote viwili huvuka mipaka ya jimbo kuwachukua vijana wa watu wengine. Noah Fant alitoka Omaha, mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Nebraska, akaenda kuchezea Iowa, na mwaka 2019 akachaguliwa katika raundi ya kwanza na timu ya kulipwa ya Denver. Brock Purdy alitoka Arizona kwenda Ames. Uwanja wa Iowa State umepewa jina la Jack Trice, kijana wa Ohio aliyekuwa mwanamichezo wa kwanza Mweusi wa chuo hicho, ambaye alifariki mnamo Oktoba 1923 kwa majeraha aliyoyapata akicheza dhidi ya Minnesota. Hakuna mtu wa Iowa anayesema kwamba Trice alipaswa kubaki Ohio. Kama kuondoka Iowa kungekuwa usaliti, basi kila anayepokewa kwenu angekuwa msaliti wa kwao, na uwanjani hawamshangilii hivyo. Mumeo atalielewa zaidi nikimkumbusha TP Mazembe: Mbwana Samatta alipohama kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 kwenda Lubumbashi, na hatimaye kunyanyua kombe la mabingwa wa Afrika la 2015, Watanzania walimfuata kwa fahari, na Wakongo wakamshangilia kama mtoto wao.

Kuhusu shukrani kwa nchi iliyowapokea, nasema hivi kwa heshima zote: ninyi wazazi mmekwisha kuilipa, na bado mnailipa kila siku mnapoingia zamu kiwandani na kila mnapokatwa kodi. Mtoto aliyefika hapo hajui hata kuhesabu hakuomba mkopo wowote, na si haki kumkabidhi hati ya deni la wazazi akiwa na miaka 17, tena alipe kwa magoti na mgongo wake. Jimbo lenyewe halijamdai. Wanaomdai ni watu wanaolipenda, na hao tunaweza kuwaheshimu bila kuwatii.

Sasa swali la ahadi. Kisheria, neno la mdomo halimfungi mwanao, wala halikifungi chuo. Vyuo pia huwaacha vijana waliokwisha kuahidiwa, mara nyingine siku chache kabla ya kutia saini, pale wanapompata mwingine bora au kocha anapobadilika. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili unaotiwa saini, na zile hati za zamani za kitaifa za kuthibitisha nia zilifutwa mwaka 2024. Lakini wewe na mimi tumelelewa mahali ambapo neno lina uzito hata bila karatasi, na sitaki umlee mwanao afikiri vinginevyo kwa sababu tu sheria inamruhusu. Yupo kocha wa mstari wa mbele kule Iowa City ambaye pengine ameacha kumfuata kijana mwingine kwa kumtegemea wa kwako. Huyo ndiye anayedai. Anadai kuambiwa ukweli mapema, na kuambiwa na kijana mwenyewe. Mtoto akishaamua kwenda kusini, basi asiandike lolote kwenye simu yake kabla hajapanda gari na baba yake hadi Iowa City, wakakaa na kocha huyo, akamshukuru na kumwambia. Itakuwa nusu saa ngumu sana. Kumchelewesha mtu hadi usiku wa kuamkia kutia saini ndiyo hiana, na ndiyo inayoacha uchungu.

Mnao mfano wa karibu, na sina shaka watu wa kiwandani wamekwisha kukutajia. Kadyn Proctor, kijana wa shule ya Southeast Polk karibu na Des Moines, alikuwa anacheza nafasi ileile ya mwanao na alikuwa miongoni mwa vijana waliosakwa zaidi nchini. Aliahidi Iowa, kisha Desemba 2022, wakati wa kutia saini ukiwa umefika, akageukia Chuo Kikuu cha Alabama. Alianza kucheza tangu msimu wake wa kwanza. Januari 2024 kocha wake Nick Saban akastaafu, Proctor akahamia Iowa, na kabla hajacheza hata mechi moja akarudi Alabama. Watu wa jimbo lake walimsema vibaya mno, na mimi naona walimwonea kwa sehemu kubwa, maana alikuwa kijana wa miaka 18 anayevutwa na watu wazima wenye mishahara ya mamilioni. Mwaka mmoja kabla yake, Xavier Nwankpa wa shule hiyohiyo, aliyetakiwa pia na vyuo vya Ohio State na Notre Dame, alichagua kubaki Iowa, na akashangiliwa kama shujaa. Wote wawili walikuwa na haki ya kuchagua walivyochagua.

Mfano huo unajibu pia kitisho cha kocha wa shule. Iowa, iliyoachwa na Proctor dakika za mwisho, ilimpokea Proctor huyohuyo miezi 13 baadaye. Jimbo lenye vipaji vichache kiasi hicho haliwezi kuisusia shule inayozaa wachezaji. Kwa hiyo mwambie mwanao alale: wadogo zake wa shuleni hawatafungiwa mlango kwa ajili yake. Kocha aliyemwambia hivyo pengine analinda uhusiano wake mwenyewe na chuo, jambo linaloeleweka, lakini hakupaswa kumtwika mtoto mzigo huo.

Nikishasema kwamba hana deni, sisemi kwamba aende. Kubaki nyumbani kuna faida ambazo hazihusiani na fadhila, na nataka mzitazame kwa macho makavu. Kirk Ferentz, kocha mkuu wa Iowa tangu 1999, alikuwa mwenyewe kocha wa mstari wa mbele kabla ya kufika hapo, na chuo hicho kinajulikana nchini kote kwa kuwatengeneza wachezaji wa nafasi hiyo. Tristan Wirfs alitoka Mount Vernon, mji mdogo ulio jirani kabisa na Cedar Rapids, akakaa Iowa misimu mitatu, na mwaka 2020 akawa mchezaji wa 13 kuchaguliwa na timu za kulipwa. Utamwona mwanao kila anapocheza nyumbani, ataweza kula ugali kwako siku ya mapumziko, na akiumia utafika hospitali kabla ya upasuaji. Jambo hili la mwisho usilichukulie kuwa dogo. Katika nafasi yake watu huumia, na kijana aliyelazwa mbali, mama yake akiomba ruhusa ya zamu ili amfikie, ni hali ambayo nimeandikiwa na wazazi wengine kwa machozi.

Wala ukaribu peke yake si usalama. Mwaka 2020 wachezaji wengi Weusi waliowahi kupita Iowa walijitokeza hadharani kueleza namna walivyobaguliwa ndani ya kikosi; kocha wa mazoezi ya nguvu akaondoka, na kesi iliyofuata ilimalizwa kwa maridhiano mwaka 2023. Chuo kilisema kimebadilika. Huenda ni kweli, na njia ya kujua ni mwanao kukaa na wachezaji Weusi walioko huko leo, bila kocha kuwapo, awaulize wanavyoishi. Afanye vivyo hivyo kusini, ambako siku mbili za kulipiwa hoteli na kulishwa nyama choma haziwezi kumwonyesha Jumanne ya kawaida ya mwezi Februari.

Swali la nani atakuwa kocha wake ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani. Ferentz alizaliwa mwaka 1955, kwa hiyo ni halali kabisa, wala si utovu wa adabu, kumuuliza chuo kinatarajia nini baada yake. Kule Ames, kocha mkuu Matt Campbell alikaa tangu msimu wa 2016, watu wakamwona kama mwenyeji, na mwishoni mwa 2025 akaenda chuo cha Penn State, wachezaji kadhaa wakamfuata. Simlaumu. Nataka tu mwanao aone kwamba watu wazima wanaomhubiria uaminifu kwa jimbo huhama wanapopata mahali pazuri zaidi, na kwamba asichague chuo ambacho angekichukia siku kocha aliyempenda akiondoka. Ajiulize hivi: nikivunjika goti mwezi wa kwanza, na kocha huyu akaondoka mwezi wa pili, je, ningetaka kuendelea kusoma hapa?

Kuhusu fedha, shemeji yako hajakosea kwamba zipo. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano ya mahakamani, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza ukomo ulikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wote wa chuo kimoja. Kama familia mna ukaazi wa kudumu au uraia, mwanao hana kile kizuizi cha kupata kipato kinachowabana wanafunzi walioingia kwa viza ya masomo. Lakini kiasi kinachotajwa kwa simu si fedha. Takeni kila kitu kwa maandishi: ni kwa muda gani, kinalipwa lini, kinaendelea akiumia au hakiendelei, na akihama anatakiwa kurudisha kiasi gani, kwa sababu mikataba ya siku hizi ina vifungu vya namna hiyo. Mtafuteni mwanasheria asiyelipwa na chuo wala na wakala, na mwambieni awasomee kifungu kwa kifungu mbele ya mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza sawasawa, na mtu huyo asiwe kijana wenu. Fedha hizo hutozwa kodi. Shemeji hatakuwepo siku barua ya mamlaka ya kodi inapofika.

Sasa nikuambie wewe ufanye nini. Usianze na mtoto, anza na baba yake, mkiwa wawili, na usimwambie kwamba amekosea. Mwambie kwamba umeona anachoogopa, kwamba ataonekana mtu asiyejua kushukuru mbele ya wale waliomkaribisha, kisha mwombe awe ndiye atakayempeleka kijana kwa kocha siku hiyo ikifika, wakienda kwa furaha au kwa huzuni. Baba akipewa nafasi ya kusimama na mwanawe, hasira hupungua. Baada ya hapo kaeni watatu, kijana azungumze mpaka mwisho bila kukatizwa, ataje sababu zake za kutaka kusini. Zikiwa ni taa za uwanja na viatu vipya, mtazisikia mara moja, naye atazisikia pia. Zikiwa ni somo analotaka kusoma, kocha aliyemweleza wazi mahali alipopungukiwa, au nafasi ya kucheza mapema, basi ni sababu za mtu mzima na zinastahili kuheshimiwa. Kuhusu kutojua mchezo, usione aibu. Maswali yote muhimu hapa ni yale ambayo mama yeyote huuliza mtoto anapokwenda kukaa kwa watu.

Akichagua vibaya, mlango wa kurudi upo. Mchezaji anayefaulu masomo anaweza kuhama bila kuadhibiwa, na kipindi cha uhamisho kimewekwa mwezi Januari. Siupendi utaratibu huu, unawafanya vijana waishi kama wapangaji, na tangu vyuo vingi viwekewe ukomo wa wachezaji 105 kikosini, wale vijana wa vijijini wa Iowa waliokuwa wakijiunga bila ufadhili na kupanda taratibu, kama alivyofanya Dallas Clark wa Livermore, wamebanwa zaidi. Lakini kwa mwanao unamaanisha kwamba uamuzi wa Desemba si wa maisha yote.

Lipo jambo moja ambalo hakuna hata mmoja kati yenu aliyelitaja, na nalihofia kuliko ugomvi wa majimbo. Ili aruhusiwe kucheza katika daraja la juu la vyuo, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kinamtaka awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari yaliyoidhinishwa na kufikia wastani usiopungua 2.3 katika masomo hayo. Watoto waliopitia madarasa ya wanaojifunza Kiingereza mara nyingine hugundua mwaka wa mwisho kwamba baadhi ya madarasa hayo hayahesabiwi. Nenda shuleni wiki hii, muone mshauri wa wanafunzi, si kocha, na umwombe akuonyeshe kwenye karatasi yapi kati ya hayo 16 mwanao amekwisha kuyapata na yapi bado. Kama kuna pengo, kuna muda wa kuliziba muhula huu na ujao, na hilo lifanyike kabla hamjakaa kuzungumzia Iowa wala kusini.

Shangazi